Tanga la Mzee Abdillah

Siku ile ziwa lilichafuka tangu alfajiri, na Maulida hakuhitaji redio kumwambia. Alisimama juu ya jiwe kubwa la Luchelele, kanga imebana kichwani, akatazama mawimbi yakipasuka meupe hadi katikati ya ghuba. Kisha akashuka na kuwatangazia wenzake wa chama cha mashua kwamba safari ya majini haipo. Watu wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kutoa tahadhari, lakini hata wangetangaza shwari yeye asingewaruhusu. Yeye ndiye nahodha. Asiyeridhika, alisema, akaunde chama chake akazame nacho.

Asiyeridhika alikuwepo, tena alikuwa baba yake mzazi. Mzee Abdillah alikuwa amekwisha kupanda mashua, nayo mashua bado iko mchangani. Alikaa humo na kanzu yake iliyopigwa pasi, kofia ya viua kichwani na fimbo katikati ya magoti, akiyatazama maji kama mtu aliyekata tiketi. Maulida akamwamkia, akaitikia. Akamwomba ashuke, akawa kiziwi.

Ili uuelewe ukaidi wa mzee huyu, lazima umjue dada yake. Wote wawili walizaliwa Busisi, ng'ambo ya ghuba, watoto wa fundi wa mashua. Mwanabaraka ndiye mkubwa, na alibaki Busisi kwenye nyumba ya wazazi. Abdillah alivuka kuja Mwanza, akapata kiwanja Kiseke, akawa seremala wa vitanda, makabati na meza za vioo za sebuleni. Alipata riziki na hakumdhulumu mtu, lakini kule kuacha kazi ya mashua kulimchoma dada yake. Sikukuu moja ya Idi, enzi hizo bado watu wanavuka kwa kivuko, Mwanabaraka akamsindikiza mdogo wake hadi gatini, na hapo mbele ya abiria wote akamwambia kwamba ufundi wa baba yao umefia mikononi mwake, kwamba mtu wa makabati hawezi tena kuunda kitu kinachoelea. Injini ya kivuko ilikuwa inanguruma. Abdillah alikuwa amekwisha kuingia, hasira zimempanda, akageuka akajibu kwa sauti: hutaniona tena mpaka nije na tanga. Alimaanisha mpaka aje na mashua yake, aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, tanga limejaa upepo.

Tangu siku ile Mwanabaraka hakupokea simu yake hata moja. Alikataa salamu, akarudisha kanga alizotumiwa, na mke wa Abdillah alipofariki hakuja kuzika. Abdillah akaona dada amemdharau, anangoja tu kuona kama mashua itakuja kweli. Basi akaanza kuunda. Aliunda Ijumaa na sikukuu, baada ya kumaliza makabati ya watu, na kila aliyepita Luchelele akiuliza kama kazi imekwisha alijibiwa bado, hata mashua yenyewe ikaitwa Bado. Waliokuja kumtania wakabaki kumshikia mbao, na waliomshikia mbao ndio wakawa chama. Watu wa Mwanza ndivyo tulivyo, tunaingia kwenye mambo kwa kusimama tu na kutazama.

Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Farouk, mtoto wa Mwanabaraka, alikuwa ameajiriwa reli huko Tabora, na kesho yake asubuhi alikuwa anamhamishia mama yake huko moja kwa moja. Nyumba ya Busisi ilishapata mpangaji. Maulida aliposikia hivyo ndipo akaisogeza mbele safari ya mwaka ya chama, akachagua Busisi, akawaburuza wanachama wote, ili baba yake amkute dada yake kabla hajaondoka. Tabora hakuendeki kwa tanga. Mzee aliyeapa vile asingekwenda huko maisha, na Mwanabaraka asingerudi. Wasipoonana leo, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo Maulida alikuwa na mambo mawili ambayo hakukubali kuyaachia, nayo yalikuwa yanavutana. Baba yake hasafiri kwa mashua leo. Baba yake anafika Busisi leo.

Wanachama nao kila mtu alikuwa na lake. Masele, mweka hazina, mtu wa Usagara mwenye sauti nene na mdomo usiolala, alisema pilau limekwisha kupikwa, walile hapohapo wasikilize upepo, kisha kila mtu arudi kwake. Sabina akataka waende kuwatazama wagonjwa, angalau siku isipotee bure. Maulida aliwasikiliza wote mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, halafu akawaambia watavuka kwa miguu. Daraja lipo, alisema, na serikali haikulijenga ili wao walitazame kutoka Luchelele.

Wakacheka. Kutoka Kigongo, daraja linapoanzia, hadi Busisi, juu ya maji, katika upepo ule? Masele akauliza kama chama kimebadilishwa jina kikawa cha mbio za riadha. Maulida akamjibu kwamba chama kinachoishi kwa upepo kikianza kuukimbia upepo kitabaki na pilau tu. Akawaacha, akapanda mashua, akakaa mbele ya baba yake, magoti kwa magoti.

"Nilimwambia dada nitakwenda na tanga," mzee alisema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu kuitikia salamu.

"Basi tutalibeba, baba."

Mzee alimtazama aone kama anataniwa. Maulida alikuwa amekwisha kusimama, anafungua kamba.

Waliishusha foromali, ule mti mrefu unaoshikilia tanga, wakauzungushia tanga lenyewe, jeupe, la kitambaa kizito, wakalifunga kwa kamba kutoka mwisho hadi mwisho. Manyunyu yalikuwa yanaendelea, na Sabina hakutaka tanga jipya lilowe, akaleta turubai la kijani wakalifunika juu. Wakakodi Kosta, mzigo ukalala kwenye keria, wakapita Usagara na kuteremka hadi Kigongo. Pale mzee akakataa gari lisiende mbele zaidi. Nchi kavu lipande gari, alisema, lakini maji haya yavukwe na tanga begani mwa watu, vinginevyo dada atasema limeletwa kama godoro.

Walikuwa wanashusha mzigo Farouk alipopiga simu. Maulida alikuwa amempa habari kwamba wako njiani. Farouk aliongea chini chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Dada Maulida, msije. Mama hataki kabisa. Anasema mjomba alimwapia pale gatini kwamba hataonana naye tena mpaka kwenye tanga lake. Sasa anasema yeye bado hajafa, mjomba anakuja kufanya nini?"

Maulida alibaki na simu sikioni. Tanga. Kwa mtu wa mashua ni kile kitambaa kinachoshika upepo. Kwa mtu mwingine yeyote, hasa likitamkwa kwa hasira, tanga ni msiba, ni watu kulala mikekani kwa mfiwa mpaka siku ya kulianua. Injini ya kivuko ilimeza maneno mawili madogo, "nije na", na shangazi yake akaishi miaka yote hii akiamini kwamba mdogo wake wa pekee alimwahidi kuja siku ya kumzika. Ndiyo maana kanga zilirudishwa. Ndiyo maana hakupokea simu. Maulida alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia, na hapakuwa na nafasi. Angeweza kumweleza Farouk pale pale, lakini maneno ndiyo yaliyoharibu, na yeye alitaka shangazi yake alione tanga kwa macho, aliguse. Akasema tu, "Mwambie tunakuja," akakata simu.

Maulida hakumwambia baba yake. Alihofu kwamba mzee akisikia atakaa chini hapohapo Kigongo asiinuke.

Wakaanza kuvuka. Wabebaji walikuwa sita, Maulida na Sabina mbele, wanaume nyuma yao, Masele wa mwisho kabisa. Mzee Abdillah alifuata peke yake, akichechemea na goti lake bovu, fimbo ikigonga lami. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuongea, hata Masele. Na hakuna kati yao aliyepata wazo la kujitazama. Sasa wewe watazame: kitu kirefu kimefunikwa kijani, kiko mabegani mwa watu sita walionyamaza, na nyuma yake mzee wa kanzu nyeupe anatembea ameinamisha kichwa.

Mlinzi wa darajani aliwaona akavua kofia, akasimama wima mpaka walipopita. Maulida akafikiri huyu kijana amelelewa. Lori likapunguza mwendo, dereva akazima muziki. Wanaume wawili waliokuwa kwenye pikipiki wakaiegesha pembeni, wakaja mbio, wakaingiza mabega yao chini ya mzigo bila kuuliza, midomo ikichezacheza kwa dua. Walishangaa kidogo kuwaona wanawake wametangulia, lakini nani atamkosoa mfiwa, tena mtu wa mjini? Masele, Mkatoliki wa Usagara, alikuwa hajawahi kubeba jeneza la Kiislamu maishani mwake. Alifurahi tu kupata nafuu ya bega, akawashukuru sana, akawaambia Mungu awalipe. Wakaitikia amina kwa huzuni.

Walipofika katikati, pale nguzo zinapopanda juu kuliko zote, bodaboda mmoja aliyekuwa anatoka upande wa Busisi akasimama. Alipaza sauti ipite upepo.

"Mzee, tanga la nani?"

Masele akavimba kifua. Hatimaye amepatikana mtu anayejua kitu akikiona. "La mzee Abdillah, fundi wa Kiseke," alijibu. "Tunampelekea dada yake, Mwanabaraka, hapo Busisi."

Yule kijana akaweka mkono kifuani, akageuza pikipiki, akarudi alikotoka kwa mwendo wa kasi.

Maulida alikuwa amelisikia jina la baba yake, mengine yakachukuliwa na upepo. Akauliza nyuma kuna nini. Masele akarudia yote kwa furaha, swali na jibu. Miguu ya Maulida ikagoma, na mzigo mzima ukagoma naye. Akageuka akatazama turubai la kijani, akawatazama wale wawili wa pikipiki, na mmoja wao, kwa upole mkubwa, akauliza maziko ni saa ngapi, baada ya adhuhuri au alasiri.

Ndipo kila mtu akaelewa, mmoja baada ya mwingine. Masele alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo chama hakikuwahi kuliona. Maulida akapiga simu ya Farouk, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa inatumika.

Mzee Abdillah akawafikia, akauliza wamesimama nini. Hapakuwa tena na pa kuficha. Maulida akamshika mkono akamweleza yote, kwanza ya leo, kisha ya siku ile gatini.

"Mimi nilisema nije na tanga," mzee alisema.

"Najua, baba. Yeye hakusikia hivyo."

"Alidhani namwombea kifo?"

 Mzee alishika chuma cha daraja, kisha akajishusha taratibu akakaa kwenye njia ya miguu, kanzu yake ya pasi kwenye maji ya mvua.  Alimwona dada yake akizikunja zile kanga na kuzirudisha, anaogopa hata kuzivaa. Alimwona amekaa peke yake Idi hadi Idi. Na yeye muda wote huo alikuwa Luchelele anapiga randa mbao, amejaa kiburi, akijisifu moyoni jinsi atakavyomshangaza. Akasema warudi. Dada yake aende Tabora kwa amani, alisema, maana yeye hana uso wa kumwonyesha.

Maulida alimpenda baba yake, na palepale akataka kumtikisa. Akachutama mbele yake.

"Sasa hivi anaambiwa umekufa. Tukirudi, ataamini, na atakwenda Tabora akiamini hivyo. Simama, baba. Hata kama ni kwa kutambaa, leo tunafika."

Mzee akampa mkono, akasimama.

Walikwenda haraka sasa, na wale wawili wa pikipiki wakaendelea kubeba, maana walishaingia na walitaka kuona mwisho. Kama kwamba mambo hayajaharibika vya kutosha, upepo ukalinyakua turubai la kijani, likapaa juu ya kingo likaanguka ziwani. Likabaki tanga tupu, jeupe, limefungwa kwa kamba kuanzia kichwani mpaka miguuni, na sura ya jambo ikawa mbaya mara mbili. Maulida alisema wasisimame.

Walikuwa hawajalimaliza daraja walipowaona wanawake wanakuja wanakimbia kutoka upande wa Busisi. Aliyetangulia alikuwa mrefu, mzee, hana viatu, kanga ya kichwani imedondoka haikuokotwa. Maulida aliachia mzigo, akapunga mikono yote miwili, akaita shangazi, akaita tena. Upepo ulikuwa unamrudishia sauti yake usoni. Wabebaji walipomwona mama huyu anawajia vile, mabega yao yalishuka yenyewe, wakalilaza tanga chini.

Mwanabaraka alilikumbatia. Alipiga magoti akalilalia, akaukumbatia ule mti na kitambaa chake, akasema kwa sauti iliyowafikia wote.

"Nilikuwa nakungoja, Abdillah. Kila Idi nilipika chako, nikakiweka mpaka kikalala. Mimi ndiye niliyekuaibisha mbele za watu, halafu nikakaa kungoja wewe ndiye uniombe radhi. Mdogo wangu, umeondoka na kinyongo changu. Nitamwambia nani sasa?"

Hakuna aliyesogea. Wanawake waliokuja naye walikuwa wanalia, Sabina naye alikuwa analia, na mmoja wa wale wa pikipiki ambaye hakumjua mtu yeyote pale alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Mzee Abdillah alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, karibu kiasi cha kumgusa. Alitaka kumgusa na aliogopa, maana alijua mtu anaweza kufa kwa mshtuko. Maulida akamwekea kiganja mgongoni, akamsukuma.

"Dada," alisema.

 Mkono wa Mwanabaraka ulikuwa juu ya kitambaa, na sasa ukaanza kupapasa, ukaufuata mshono, ukabana kile kilichokuwa ndani na kukuta mti mgumu. Akageuza kichwa polepole. Alitazama miguu kwanza, kisha fimbo, kisha akapandisha macho mpaka usoni. Mwanamke mmoja nyuma yake alirudi nyuma hatua ndefu.

"Hukufa?"

"Sikufa."

Maulida akapiga magoti upande wa pili, akamweleza shangazi yake haraka haraka kabla mtu mwingine hajaharibu. Tanga ni hili, alimwambia. Siku ile gatini alisema atakuja na tanga, la mashua, mashua aliyoiunda mwenyewe, iko Luchelele, ziwa ndilo lililokataa leo. Mwanabaraka alisikiliza huku kidole chake kikipita kwenye pindo la tanga. Alikuwa mtoto wa fundi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili kile alichokishika. Usoni mwake yakapita mambo mengi, hasira ikaja, aibu ikaja, na mahali fulani kicheko kikataka kutoka akakizuia. Akasimama, akakataa mkono wa kumsaidia.

"Na haya niliyoyasema sasa hivi," alimwuliza mdogo wake, "umeyasikia?"

"Nimeyasikia yote."

"Basi siyarudii." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sema ya kwako. Au unangoja nilale mimi hapo ndiyo uyaseme?"

Mzee Abdillah alikuwa na hotuba. Aliitunga miaka yote akipiga randa, hotuba ya mtu anayeshuka kwenye mashua yake huku watu wote wa Busisi wametoka kumtazama. Aliitafuta sasa, na hapakuwa na neno moja ndani yake linalofaa. Akavua kofia.

"Ningeweza kuja kwa kivuko, dada," alisema. "Siku yoyote. Kilikuwa kinavuka asubuhi hadi jioni, nikakitazama mpaka kikaondolewa. Nilitaka kuja nimeshinda. Nisamehe."

 Magari yalikuwa yamesimama nyuma yao, na hakuna dereva aliyepiga honi. Mwanabaraka aliinama mbele kabisa ya foromali, mahali pa Maulida, akaweka bega lake chini ya mti, akamwonyesha mdogo wake aingie upande wa pili. Akawaambia wengine wainue, tena upesi, maana uani kwake watu wamekwisha kutandika mikeka na kuanza kulia, na lazima mtu akawanyamazishe.